Choo Kikavu cha Namoruputh na Choo cha Maji cha Pwani: Gesi ya Maji Taka Huhesabiwaje?

Choo cha shimo cha Namoruputh kule Turkana, na choo cha shimo cha kijiji chochote cha Pwani ambako ukichimba futi chache tu unakutana na maji, ukivitazama juu juu ni ndugu. Kila kimoja kina tundu, kina kuta, kina nzi wake, na kina watu wanaongojeana asubuhi. Lakini katika daftari za wanaohesabu gesijoto, vyoo hivyo viwili si ndugu hata kidogo. Hiki cha Pwani kinaweza kuandikiwa methani mara 7 ya kile cha Namoruputh, na hesabu hiyo ikaandikwa bila ya mtu yeyote kwenda na chombo kupima. Chakula ni kile kile na tumbo ni lile lile. Kilichozidi ni maji.

Najua mada ya choo si ya kuzungumzwa mbele ya wakubwa. Lakini mficha uchi hazai, na siku hizi choo kimeingia katika mazungumzo ya fedha. Wako wanaotafuta miradi ya kuuza krediti za kaboni, wako wanaopanga mabomba ya maji taka kwa miji inayokua, na wote hao huja na namba mkononi. Makala hii inaeleza namba hizo hupatikana vipi, ni za kuaminika kiasi gani, na kwa nini barabara ya Lodwar hadi Kakuma ni mahali pazuri pa kuzielewa, hata kwa sisi tunaokaa karibu na bahari.

Kwa nini Turkana

Namoruputh ni kituo kidogo cha Kaunti Ndogo ya Loima, magharibi mwa Lodwar. Lodwar ndio makao makuu ya kaunti, mji ulio kando ya mto Turkwel. Ukielekea kaskazini-magharibi kama kilomita 120 unafika Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Sudan, kisha wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengineo. Makazi ya Kalobeyei yakaongezwa pembeni 2016. Sensa ya 2019 iliihesabu kaunti nzima kuwa na watu 926,976, na zaidi ya nusu ya kaya zake hazikuwa na choo cha aina yoyote. Watu huenda porini.

Mvua ya Lodwar kwa mwaka ni kama milimita 200. Mombasa hupata zaidi ya 1,000. Joto la Lodwar wala halihitaji kuelezwa kwa dereva yeyote wa lori aliyewahi kulala huko chini ya gari.

Jambo jipya ni hili. Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, ambao shabaha yake ni kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe makazi ya kawaida, mkimbizi na mwenyeji wakitumia shule, hospitali na maji ya pamoja. Kambi ikigeuka mji, nyumba za mabati zinakuwa za matofali, maji ya mtungi yanakuwa ya mfereji, na choo cha shimo kinakuwa choo cha kumwagia maji chenye karo nyuma ya nyumba. Kila mtu anaona hayo ni maendeleo, na ni maendeleo kweli. Lakini kwa upande wa gesi, hapo ndipo hesabu inapopanda, na wengi hawana habari.

Gesi inatoka wapi

Uchafu wa binadamu ukikaa mahali penye hewa, bakteria wanaotumia oksijeni huula na kutoa kaboni dayoksaidi. Ukikaa mahali pasipo na hewa, chini ya maji au ndani ya tope zito, wanashika zamu bakteria wengine wasiotaka oksijeni, na hao hutoa methani. Ndiyo gesi ile ile inayowaka katika jiko la bayogesi. Bakteria hao wanapenda joto. Chini ya nyuzi 15 hivi hulegea sana. Kwa hivyo Turkana ina mambo mawili yanayovutana, joto linalowachapuza na ukavu unaowanyima makao.

Gesi ya pili ni naitrasi oksidi, ambayo hutokana na naitrojeni iliyomo katika mkojo na mabaki ya protini. Hii haitoki sana shimoni. Hutoka zaidi pale maji taka yanapopulizwa hewa kiwandani, au yanapomwagwa mtoni na baharini.

Ile kaboni dayoksaidi ya uchafu wenyewe haihesabiwi, na wasomaji wengine huona kama ni hila. Si hila. Kaboni iliyo katika ugali wa jana ilichukuliwa na mahindi kutoka hewani msimu uliopita, na sasa inarudi kule kule ilikotoka. Kinachohesabiwa ni methani, naitrasi oksidi, na moshi wa dizeli au umeme unaoendesha mitambo na magari ya kunyonya.

Ili gesi hizi zijumlishwe pamoja, hugeuzwa kuwa uzito wa kaboni dayoksaidi unaolingana nazo. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya tano lilisema kilo 1 ya methani huleta joto sawa na kilo 28 za kaboni dayoksaidi kwa muda wa miaka 100, na naitrasi oksidi ni 265. Ukikutana na ripoti yenye 25 kwa methani, hiyo inatumia namba ya zamani. Ukikutana na zaidi ya 80, mwandishi amehesabu kwa miaka 20 badala ya 100, kwa sababu methani hukaa hewani muda mfupi lakini hupiga kwa nguvu ikiwa ipo. Mtu anaweza kukuza au kupunguza mradi wake mara 3 kwa kuchagua miaka tu, wala asiwe amesema uongo. Liangalie hilo kwanza kabla ya kusoma mengine.

Hesabu yenyewe

Wengi wanapoambiwa "uzalishaji wa gesi umepimwa" hufikiria mtu mwenye koti jeupe na mashine. Kwa vyoo vya Afrika Mashariki, mara nyingi ni mtu mwenye kompyuta na jedwali. Mwongozo wanaoutumia ni wa IPCC wa 2006, uliorekebishwa 2019, na kanuni yake si ngumu. Mwanafunzi wa darasa la nane anaiweza.

Kwanza huchukuliwa kiasi cha uchafu unaooza anaotoa mtu mmoja. Hupimwa si kwa uzito wa kinyesi, bali kwa oksijeni ambayo bakteria wangeihitaji ili kuuozesha. Kwa Afrika mwongozo unatoa gramu 37 kwa mtu kwa siku. Kwa mwaka hiyo ni kilo 13.5. Kisha kila kilo ya uchafu huo, ikioza yote bila hewa, inaweza kutoa kilo 0.6 za methani. Zidisha, unapata kilo 8.1 kwa mtu kwa mwaka. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, ambacho binadamu mmoja wa kawaida hawezi kukipita.

Halafu ndipo inapokuja namba inayoamua kila kitu, nayo ni sehemu ya uchafu ambayo kweli itaoza bila hewa. Iko kati ya 0 na 1, na hutegemea aina ya choo. Choo cha shimo katika nchi kavu, maji ya ardhini yakiwa chini ya shimo, kikitumiwa na familia moja ya watu 3 hadi 5, kimepewa 0.1. Choo hicho hicho katika nchi hiyo hiyo kavu, kikitumiwa na watu wengi, 0.5. Choo cha shimo katika nchi ya mvua, au kinachomwagiwa maji, shimo likiwa limefikia maji ya ardhini, 0.7. Karo la kawaida, 0.5. Bwawa la maji taka la kina kifupi, chini ya mita 2, ni 0.2, likizidi mita 2 ni 0.8.

Sasa tuizungushe. Mtu wa Namoruputh mwenye choo chake cha familia, kikavu, huandikiwa kilo 0.81 za methani kwa mwaka, sawa na kilo 23 hivi za kaboni dayoksaidi. Mtu huyo huyo akihamia Kakuma penye choo cha kuchangia watu wengi, anaandikiwa kilo 4, sawa na 113. Akihamia Pwani kwenye choo kilichofika majini, kilo 5.7, sawa na 159. Chukua watu 100,000 badala ya mmoja, na tofauti ni kati ya tani 2,300 na tani 15,900 za kaboni dayoksaidi kila mwaka, bila mtu kula tonge moja la ziada.

Namba hizo 0.1, 0.5 na 0.7 hazikutoka Turkana wala Pwani. Ni za kukadiria, zimewekwa na wataalamu ili nchi isiyo na vipimo vyake isikae bila hesabu. Mwongozo wenyewe unazihimiza nchi zitumie vipimo vya kwao zikiwa navyo. Mashaka yake ni makubwa. Utafiti mmoja uliochapishwa 2021, uliokadiria gesi ya vyoo visivyo na mabomba duniani kote, ulipata tani milioni 377 za kaboni dayoksaidi kwa mwaka, lakini watafiti wakasema wazi kwamba jibu la kweli linaweza kuwa popote kati ya milioni 22 na milioni 1,003. Fundi akikwambia kitanda chako kitakuwa na urefu wa kati ya futi 1 na futi 50, hutampa kazi. Hapa, hata hivyo, ndiyo hesabu bora iliyokuwepo, na kuusema upana wake ni uaminifu. Wa kuogopwa ni yule anayekuletea 377 peke yake.

Maji ya kuchambia

Hapa kuna jambo ambalo mwongozo haulitaji kwa jina, nasi Waislamu linatuhusu. Nyumba inayochamba kwa maji hupeleka shimoni lita kadhaa kila siku ambazo nyumba inayotumia karatasi haipeleki. Katika Kakuma utakuta majirani wawili, mmoja familia ya Kisomali na mwengine ya Sudan Kusini, vyoo vyao vimechimbwa na watu wale wale kwa kina kile kile, na chini hali ikawa mbali mbali, kimoja tope na kimoja kikavu. Jedwali linawaandikia sawa kwa sababu wote wako jangwani.

Hakuna anayesema watu waache kuchamba kwa maji. Tohara si jambo la kujadiliana na jedwali. Lakini maji ya udhu, ya kuoga na ya kufulia hayana sababu ya kuingia katika shimo la choo. Misikiti mingi ya Pwani ina mfereji wa maji ya udhu unaokwenda kwenye minazi au shimo lake la changarawe. Mingine imeunganisha kila kitu pamoja, na karo hujaa kila baada ya muda mfupi. Kuyatenga maji hayo huufanya mfumo uwe na maji machache, tope kidogo, gari la kunyonya likaitwa mara chache, na methani ikapungua. Kule Lodwar, ambako kila ndoo ina thamani yake, maji hayo yanaweza kumwagiwa mti.

Kampala walipohesabu mji mzima

Kwa Afrika Mashariki, hesabu ya kina kuliko zote ninazozijua ilifanywa Kampala. Watafiti wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, pamoja na wenzao wa Uganda, walichapisha matokeo 2022. Hawakuangalia kiwanda cha kusafisha maji taka peke yake. Walifuata uchafu kutoka chooni, ukiwa shimoni, ukinyonywa, ukibebwa, ukimwagwa, ukisafishwa, na hata unaopotea njiani.

Walipata jumla ya tani 189,000 za kaboni dayoksaidi kwa mwaka, ambazo wao waliona huenda zikawa zaidi ya nusu ya gesi zote za mji huo. Karibu nusu ya jumla hiyo, asilimia 49, ilitoka kwenye matangi na makaro yaliyozibwa, ambamo uchafu hukaa muda mrefu kabla ya kunyonywa. Viwanda vya kusafisha, kwa methani isiyokusanywa, vilikuwa na asilimia 31. Maji taka yanayopita bila kusafishwa asilimia 7, mabomba yanayovuja asilimia 6, na yaliyobaki ni matangi yanayofunguliwa kwenye mitaro ya wazi na uchafu unaotupwa kinyume cha sheria.

Nakuomba msomaji uirudie ile asilimia 49. Si kiwanda, si mfereji wa wazi wenye harufu ambao kila mtu huulalamikia. Ni karo zuri la saruji, limefunikwa vizuri, halinuki, lipo nyuma ya nyumba ya mtu mstaarabu, na mwenyewe anajisifu kwamba halijanyonywa miaka 10. Tunapenda karo lisilosumbua. Kwa methani, karo lisilosumbua ndilo baya zaidi, kwa sababu uchafu umepewa giza, maji, joto na muda.

Ndiyo sababu Kakuma inayogeuka mji inapaswa kusoma Kampala kabla ya kumwaga saruji. Maelfu ya kaya zikihama kutoka shimo kavu la 0.1 hadi karo la 0.5, hiyo ni mara 5, na hakuna kaunti yoyote ya Kenya iliyo mbali na magari ya kunyonya kama hizi za kaskazini.

Kupima kweli

Vipimo vya kweli vinawezekana, na si vya siri. Kwa choo cha shimo, kasha lisilopitisha hewa huwekwa juu ya tundu, na kila baada ya dakika chache hewa ya ndani hunyonywa kwa sindano, ikapelekwa maabara ndani ya vichupa. Methani ikiongezeka haraka kati ya kichupa cha kwanza na cha mwisho, shimo linapumua sana. Siku hizi kuna vyombo vya leza vinavyosoma papo hapo. Kwa bwawa hutumiwa kasha linaloelea. Taabu ya bwawa ni mapovu. Methani hupanda kwa vishindo, saa nzima kimya halafu ghafla uso wote unachemka, na aliyepima asubuhi moja anaweza kukosa kila kitu.

Kwa kiwanda kizima wapo wanaoendesha gari lenye maabara upande ambao upepo unaelekea, wakisoma methani inayobebwa na upepo. Hivyo ndivyo walivyofanya watafiti wa Princeton, Marekani, kwenye viwanda 63, na 2023 wakatangaza kwamba methani ya sekta hiyo nchini mwao ni karibu mara 1.9 ya ile iliyokuwa katika makadirio rasmi. Marekani, yenye mita kila bomba, ilikosea karibu nusu kwa kutegemea jedwali. Basi sisi tujihadhari na tarakimu tatu baada ya nukta.

Kwetu Kenya mahali pa kuanzia si Turkana bali Ruai, nje ya Nairobi, palipo na mabwawa ya Dandora, miongoni mwa mifumo mikubwa ya mabwawa ya maji taka barani Afrika, yaliyojengwa kupokea hadi mita za ujazo 160,000 kwa siku. Hapo uchafu hupita mabwawa ya kina yasiyo na hewa, kisha ya kati, kisha ya kukomaza, halafu maji huingia mto Nairobi, yakaungana na Athi, yakawa Galana, yakawa Sabaki, yakaja kumwagika baharini karibu na Malindi. Methani ya Ruai inapanda mbinguni, na maji yake yanatujia sisi. Mtu wa Malindi ana haki kamili ya kuuliza habari za mabwawa hayo.

Namba ndogo isiyo ya kujivunia

Kuna mtego katika hesabu hii yote, na mtu asipouona atafanya ubaya akidhani anafanya wema. Choo kinachotoa methani chache kuliko vyote ni kutokuwa na choo. Kinyesi kilichoachwa juani Loima hukauka kwa siku mbili, na methani yake ni kama haipo. Kwa jedwali, zile kaya za Turkana zisizo na choo ndizo safi kuliko Kampala, kuliko Mombasa, kuliko London.

Ni upuuzi, na watafiti wenyewe wanalijua hilo. Ule utafiti wa 2021 nilioutaja ulihusu hasa mvutano huo, kati ya kumaliza kwenda porini na kupunguza gesi. Kakuma imeshapigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Mama anayetoka usiku kwenda porini hana nafasi ya kufikiria kilo 23 za kaboni dayoksaidi, na hizo kilo 23 ni sawa na lita 10 hivi za petroli iliyochomwa. Mwenye gari lake Nyali huzimaliza kabla ya wiki kwisha. Choo kwanza. Swali la gesi linakuja katika kuchagua choo gani, kamwe si kama choo kijengwe au kisijengwe.

Na kuchagua kuna nafasi. Shimo kavu la familia moja, lenye bomba la kutolea hewa, halina haja ya kuonewa haya kule ambako ardhi inaruhusu. Kwa nchi kavu ni teknolojia nzuri. Choo kinachotenga mkojo na kinyesi huzuia tope lisifanyike. Pakibidi karo, lipangiwe kunyonywa kwa ratiba, si kwa kungoja lifurike, na gari liwe na mahali halali pa kwenda kumwaga. Pakijengwa mabwawa yenye kina, yafunikwe na gesi ikusanywe. Ikishindikana kupikia ichomwe tu, kwani methani ikiungua hugeuka kaboni dayoksaidi na makali yake hupungua mno. Kampala wamejenga matangi ya bayogesi katika kiwanda chao cha Bugolobi. Naivasha, kampuni ya Sanivation imekuwa ikigeuza uchafu wa vyooni kuwa makaa ya kupikia, na njia hiyo ilijaribiwa Kakuma pia. Kwa Kakuma faida ni maradufu, kwa kuwa kuni ni mgogoro wa siku nyingi kati ya wakimbizi na Waturkana wenyeji, na kila gunia la makaa hayo ni mti mmoja ulioachwa.

Mitambo inayopuliza hewa hupunguza methani kabisa, lakini inataka umeme mchana na usiku, na hutoa ile gesi ya pili. Mwongozo wa 2019 unakadiria asilimia 1.6 ya naitrojeni inayoingia kiwandani hutoka ikiwa naitrasi oksidi. Kwa Lodwar siioni.

Fedha za kaboni

Sheria ya Tabianchi ya Kenya ya 2016 ilirekebishwa 2023, na kanuni za soko la kaboni zikafuata 2024. Mradi ulio katika ardhi ya umma au ya jamii unatakiwa uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii husika. Miradi ya ardhi, kama misitu na malisho, inapaswa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Miradi isiyo ya ardhi ni angalau asilimia 25. Mradi wa vyoo au bayogesi, kwa kadiri ninavyoisoma sheria, utaangukia kwenye hiyo 25.

Hapo ndipo ile 0.1, 0.5 na 0.7 inapogeuka shilingi. Mradi hulipwa kwa gesi iliyopunguzwa, yaani hali ya awali ukitoa hali ya baadaye. Mwenye mradi ana hamu ya hali ya awali ionekane mbaya. Akiviandika vyoo vya familia kuwa vya watu wengi, ameshauza mara 5 ya gesi iliyokuwepo, na siku mkaguzi akija na kasha lake, krediti zinafutwa na jamii inabaki na matangi yasiyo na wa kuyatunza. Kinyume chake pia hutokea: kaya zenye mashimo yenye maji zikiandikwa kavu kwa kuwa tu "Turkana ni jangwa", wakakosa haki yao wale walio kando ya Turkwel au kwenye bonde la mto Tarach, ambako mafuriko huingia hadi vyooni.

Kwa hiyo kabla ya mkutano wowote wa kutia sahihi, wazee wa Namoruputh, au wa Lamu, au wa Kwale, wana la kufanya bila kungoja maabara. Wahudumu wa afya wa jamii huzitembelea kaya hizo tayari. Wanaweza kuandika kwa kila choo mambo matano: watu wangapi wanakitumia, shimo lina kina gani, maji yamefika wapi, maji ya kuoga yanaingia au hayaingii, na mara ya mwisho kunyonywa au kuhamishwa ilikuwa mwaka gani. Iandikwe mara mbili, kiangazi na baada ya mvua, kwa maana shimo kavu la Februari si lazima liwe kavu Mei. Kwa kina inatosha kamba yenye fundo kila nusu mita na jiwe mwishoni. Kwa maji, fimbo ndefu iliyopakwa chokaa; ikitolewa, sehemu iliyolowa huonekana.